Vyumba Vinane vya Papa Gaspard

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Watoto wamerudi masomoni leo. Bwana yangu Yannick, mwalimu wa darasa la tano, ameleta nyumbani daftari moja lililobaki, nami nimelichukua kabla halijapata kazi nyingine. Anasema fundi anayedai watu lazima aandike kila kitu pamoja na tarehe, maana mwenye kudai husahau, na mwenye kudaiwa husahau zaidi.

Basi naandika. Naitwa Joséphine Katsuva, lakini hapa Bunia wengi wananiita Mama Ushindi, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Kazi yangu ni kujenga. Nilifika kutoka Butembo miaka kumi na moja iliyopita na mwiko, kamba ya kupimia na mtoto mgongoni. Tarehe 26 Julai nilimkabidhi Papa Gaspard funguo za nyumba yake ya wageni kule Mudzi Pela: vyumba vinane, veranda, bafu mbili, na paa la manjanja, yaani mabati, mapya yanayong'aa mpaka unafumba jicho. Kazi yote ni dola elfu tisa na mia sita. Amelipa elfu tano na mia tano. Zimebaki elfu nne na mia moja, ambazo kontra, ule mkataba wetu, inasema zilipwe siku ya funguo. Siku ya funguo alinipa soda baridi akasema, "Wiki ijayo." Hii ni wiki ya sita ya hiyo wiki ijayo.

Mafundi wangu wanne wananidai dola elfu moja, mia moja na hamsini. Shule ya Ushindi nayo inadai. Mvua imeanza.

Jumatano, 4 Septemba

Mvua. Hakuna kazi.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimekwenda dukani kwa Papa Gaspard, kwenye bulvari. Anauza kwa jumla: mchele, sukari, mafuta, sabuni. Ni mtu mnene, mpole, anavaa koti hata kukiwa na joto. Amenipa kiti, amenipa soda.

"Mama Ushindi, weye ni kama dada yangu," amesema. "Feza iko nakuja. Wiki ijayo."

"Papa Gaspard, mafundi wangu wanakula nini mpaka wiki ijayo?"

"Mungu iko."

Nimejibu kwamba Mungu yuko, lakini hakuweka sahihi kwenye kontra. Ameguna, akamwita mtu aniongezee soda. Nimerudi nyumbani na tumbo limejaa gesi na mkoba mtupu.

Jumatatu, 9 Septemba

Mafundi wamekuja asubuhi, wakasimama nje chini ya mwavuli mmoja. Aliyesema ni Abdoul, fundi wangu wa paa, ambaye wengine wanamfuata kama kapita, msimamizi wao. Abdoul alizaliwa Mongbwalu, amechimba dhahabu tangu ujana, na miaka minne iliyopita aliacha mashimo akaja kupanda paa na mimi. Hakuna mtu Bunia anayepanga manjanja kama yeye.

"Mama, siye tumefikiri," amesema. "Tupande kule juu, tutoe manjanja yote. Akitaka kulala kavu, atalipa."

"Hayo manjanja alinunua yeye. Ukiyatoa, weye njo mwizi."

"Basi tumwite askari mmoja. Namujua mmoja. Atamutia woga kidogo tu."

"Askari atakula kwake, kisha atakula kwetu. Hapana, Abdoul."

Hakukasirika. Aliangalia viatu vyake. "Mi nasema kweli, mama. Mongbwalu nikiingia shimoni na nikitoka na kitu, nalipwa siku ile ile. Hapa nimemaliza paa tangu Julai."

Nimemuomba anipe muda. Amesema atangoja, lakini hakusema mpaka lini. Kumpoteza Abdoul kutaniumiza kuliko kupoteza zile dola.

Jumatano, 11 Septemba

Yannick ameniandikia barua ya kudai, kwa Kifaransa. Mstari wa kwanza unamwomba Papa Gaspard apokee heshima zetu kubwa. Wa pili unamuuliza habari za familia. Wa tatu unamsifu kwa moyo wake wa maendeleo. Deni limefika ukurasa wa pili, nalo limeomba radhi kwa kusumbua.

Nimemuuliza kama anadai ama anaomba kazi. Tumecheka mpaka Ushindi akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Ijumaa, 13 Septemba

Kwa mara ya kwanza maishani nimeingia biro ya avoka, ofisi ya wakili. Anaitwa Maître Prudence. Ni mwanamke mdogo kuliko mimi, ana sauti ya chini, na meza yake ina karatasi zilizopangwa kama matofali ya fundi mzuri. Hilo peke yake limenipa imani.

Amesoma kontra. Ameangalia makadirio ya kazi yenye sahihi ya Papa Gaspard, risiti za malipo matatu, na ujumbe wote wa simu ambamo ameandika "wiki ijayo" mara kumi na moja.

"Huu ni ujumbe mzuri sana," amesema.

"Mzuri kwa nini, Maître? Ni uongo mtupu."

"Kila akisema atalipa wiki ijayo, anakubali kwamba anadaiwa. Usifute hata mmoja."

Kisha ameuliza karatasi ya kupokea kazi, ile mwenye nyumba anayoweka sahihi kusema amekagua na ameridhika. Sina. Nilitoa funguo, nikapewa soda.

Amenieleza njia. Kwanza barua rasmi ya kumtaka alipe, yenye siku nane. Akikaa kimya, tunaandika ombi kwa prezida wa tribinali, hakimu mkuu wa mahakama. Deni likiwa wazi, lenye hesabu inayojulikana, na wakati wake umefika, prezida anaweza kutoa amri ya kulipa bila kesi ndefu. Mjumbe wa tribinali, wanayemwita wisie, ndiye anampelekea mdaiwa hiyo amri. Mdaiwa ana siku kumi za kupinga. Akipinga, hakimu anajaribu kwanza kuwapatanisha.

Nimemuuliza habari ya askari wa Abdoul. Amevua miwani.

"Mama, deni si wizi. Ukimufungisha mutu juu ya deni, kesho yeye njo atakushitaki weye."

Nimelipa dola hamsini za kufungua dosie, faili la kesi. Yannick alikuwa ameziweka akiba ya viatu vipya. Amesema viatu vya zamani bado vina soli.

Jumanne, 17 Septemba

Nimepeleka barua mwenyewe. Barua ya Maître ina mistari tisa tu na haiulizi habari za familia. Papa Gaspard amesoma amesimama, akavaa miwani, akasoma tena akiwa amekaa. Ameweka sahihi kwenye nakala yangu kwamba ameipokea.

"Unaniandikia kama mutu haujui jina yake," amesema.

Leo hakuna soda.

Jumamosi, 21 Septemba

Mvua kutwa. Tumekula maharagwe ya Marabo. Simu kimya.

Jumatano, 25 Septemba

Siku ya nane, saa kumi na nusu, jibu limefika. Papa Gaspard naye ametafuta avoka. Barua inasema chumba namba sita kinavuja, kwamba wageni wanalalamika, na kwamba hatalipa hata franga moja ya paa linalopitisha maji.

Nimeisoma nikiwa kwa mama Gertrude anayeuza makaa, kwa sababu pale ndipo aliyeileta alinikuta. Nimeona giza. Paa langu. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kusema paa la Joséphine linavuja. Nimetembea mpaka nyumbani bila kupanda moto, pikipiki ya abiria, nikimtukana Papa Gaspard kwa Kinande, kwa Kiswahili na kwa kile Kifaransa nilicho nacho. Kumbe yule mtu mpole ni nyoka, nimesema. Kumbe soda zote zile zilikuwa sumu ya taratibu. Yannick amenisikiliza mpaka nikachoka, kisha akauliza:

"Umekwenda kuona?"

"Kuona nini? Ni uongo."

"Kama ni uongo, kuona haitakuumiza."

Ukiolewa na mwalimu, utafundishwa mpaka mezani.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimekwenda kuona. Nilingoja mvua ianze, nikapanda moto ya Michée, jirani yetu, nikafika Mudzi Pela nguo zote zimeshika mwili. Aliyefungua ni mama Angèle, mke wa Papa Gaspard, ambaye ndiye anaendesha nyumba ya wageni. Hakushangaa.

"Ingia, Mama Ushindi. Namba sita iko huku."

Katikati ya chumba kulikuwa na ndoo. Juu yake, plafo, yaani dari, ilikuwa na doa la rangi ya chai, kubwa kama sinia, na tone lilikuwa likianguka kila nilipohesabu nne. Kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani, na juu yake alikaa muuzaji wa maharage aliyetoka Irumu, miguu ameikunja, anakula muhogo. Alinisalimia vizuri sana. Alisema amezoea, usiku anasikia kama saa ya ukutani.

Sikucheka. Mvua ilipokatika nilimpigia Abdoul simu, akaja na ngazi. Tulipanda wote wawili. Paa la nyumba ile lina pande mbili zinazokutana kama herufi L, na pale zinapokutana tunalaza bati bapa la kupitisha maji. Abdoul alifunua manjanja mawili. Chini yake hakukuwa na bati moja refu. Kulikuwa na vipande viwili vifupi vilivyopandana kwa upana wa kiganja, na maji yalikuwa yamepita katikati.

Abdoul alisogea ili nione. Hakuwa na haja ya kunieleza. Mwezi wa sita, yeye ndiye aliyeniambia tununue moja refu, na mimi ndiye niliyesema viwili vifupi vitatosha, maana vilikuwa nafuu kwa dola kumi na nne, na vitu vidogo vya paa vilikuwa juu yangu. Nilikumbuka hata kibanda nilikovinunua. Nilikumbuka nilivyofurahi.

"Nilikuambia, mama," alisema mwishowe, taratibu kabisa.

"Uliniambia."

Nimekaa juu ya paa la mtu ninayemdai dola elfu nne na mia moja, natazama Bunia yote imeoshwa, na naona haya kushuka.

Jumapili, 29 Septemba

Kanisani. Pasta amehubiri juu ya jambo fulani.

Jumatatu, 30 Septemba

Nimemwambia Maître Prudence kila kitu, pamoja na dola kumi na nne. Nilifikiri atanifukuza. Amechezea kalamu.

"Nani mwingine anajua?"

"Abdoul, na bwana yangu."

"Vizuri umeniambia mimi kabla Papa Gaspard hajamwambia hakimu." Ameandika kitu. "Tengeneza. Kwa feza yako. Halafu muandike karatasi ya kupokea kazi, ile ulikosa Julai. Kasoro ilikuwa hii, imeondolewa, kazi yote imepokelewa. Aweke sahihi. Siku atakayoweka, hana tena mahali pa kujificha."

"Na kama atakataa?"

"Mutu aliyelalamika paa linavuja hawezi kukataa kutengenezewa paa."

Yannick ameuliza kama ni kawaida kumtengenezea bure mtu anayekataa kukulipa. Nimemwambia sitengenezi kwa ajili yake, natengeneza kwa ajili ya jina langu. Amekubali haraka, ndipo nikajua alikuwa ananijaribu.

Jumatano, 2 Oktoba

Bati refu, misumari, gundi ya lami, rangi ya plafo: dola arobaini na sita. Abdoul amekuja. Nilimwambia siwezi kumlipa leo pia. Amesema, "Najua," akapanda ngazi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Tumemaliza. Papa Gaspard amekuja kutazama, mikono nyuma. Nimempa karatasi ya kupokea kazi. Amesoma mpaka mwisho.

"Nitaweka sahihi mvua ikinyesha na mi mwenyewe nione."

Nimesema ni haki yake. Mwezi huu mvua inanyesha kila siku, haina shida.

Jumamosi, 5 Oktoba

Jua.

Jumatatu, 7 Oktoba

Jua. Wamama wa sokoni wanasema haijawahi kutokea. Nimeangalia juu mpaka shingo inauma.

Jumanne, 8 Oktoba

Wingu moja, limepita kuelekea Ziwa Albert bila hata kutusalimia. Yannick ameuliza kama Papa Gaspard amelihonga.

Alhamisi, 10 Oktoba

Imenyesha, na siku hii nitaikumbuka.

Saa nane mchana mbingu ilikuwa nyeusi upande wa milima. Nilimpigia Papa Gaspard simu, nikapanda moto mbio. Nilimkuta amefika kabla yangu, amekaa kwenye kitanda cha namba sita na koti lake, kama mgonjwa anayengoja daktari. Mimi nilichukua kiti. Mama Angèle alisimama mlangoni na beseni.

"Hii beseni ni ya nani?" niliuliza.

"Ya machozi ya mumoja wenu," alisema. "Sijui bado."

Kisha ikashuka. Ilipiga manjanja kwa nguvu hata hatukuweza kusema neno. Tulikaa vile, yeye na mimi, nyuso juu, tunatazama plafo nyeupe. Nilihesabu nne, nikahesabu nne tena. Kila aliposogea kitanda kikilia, nilidhani ni tone. Sijawahi kuomba hivyo, hata nikijifungua. Jambo la ajabu ni kwamba nilipomtazama kwa pembe ya jicho niliona naye midomo yake inatembea, na uso wake haukuwa uso wa mtu anayeombea paa livuje. Ulikuwa uso wa mtu aliyechoka.

Saa nzima hivi. Mvua ilipopungua, alivua viatu, akapanda juu ya kitanda na soksi zake, akagusa plafo kwa kiganja.

"Iko kavu," alisema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Aliweka sahihi juu ya goti lake, nakala mbili. Mama Angèle naye aliweka yake chini, ingawa hakuna aliyemwomba. Aliponisindikiza mpaka barabarani aliniambia polepole, "Mama Ushindi, weye usiache. Endelea na ile njia yako ya karatasi. Yeye mwenyewe hawezi kuanza kusema."

Kusema nini? Hakunieleza, akarudi ndani.

Jumanne, 15 Oktoba

Papa Gaspard ana karatasi, ana paa kavu, hajalipa. Maître amepeleka ombi tribinali leo, pamoja na kontra, makadirio, risiti, karatasi ya kupokea kazi, na zile "wiki ijayo" zote zimechapwa. Zimejaza kurasa tatu.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimepata kazi ndogo Bankoko, kuweka vigae jikoni kwa mama Émilienne. Tumeandikiana kontra kabla ya kugusa kigae. Nusu imelipwa mbele. Mama Émilienne amesema nimekuwa kama biro ya serikali. Nimemshukuru.

Jumatano, 23 Oktoba

Prezida ametoa amri. Maître amenionyesha mhuri. Ningeugusa, lakini nilikuwa na sima, saruji ya vigae, mkononi.

Ijumaa, 25 Oktoba

Wisie amepeleka amri dukani. Jioni Papa Gaspard amenipigia simu.

"Mama Ushindi, umeniletea mutu wa tribinali mbele ya wateja."

"Papa Gaspard, mi nilikuja peke yangu mara tisa, na uliniita dada."

Nilisikia mtu anapima mchele nyuma yake. Kisha akasema usiku mwema, ingawa jua lilikuwa bado.

Kesho ndiyo siku ya kwanza kati ya kumi.

Jumamosi, 2 Novemba

Feza ya vigae nimewagawia mafundi, kidogo kidogo. Abdoul amekataa ya kwake, amesema wape wenye watoto. Kisha ameniambia ana nafasi kwenye gari la mizigo la Mongbwalu, Jumatano tarehe 13. Mjomba wake amepata shimo zuri. Amesema bila kiburi, kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda msibani.

"Barabara ile ni mbaya, Abdoul."

"Najua, mama. Na shimo ni mbaya zaidi. Lakini mi nachoka kuwa na ufundi bila chakula."

Nimempa ugali.

Jumatatu, 4 Novemba

Siku ya kumi. Saa tisa Maître amepiga simu: Papa Gaspard amepinga amri. Nimekaa chini palepale kwenye mchanga. Maître amesema nisitishike, sasa tunaitwa kupatanishwa, na tribinali ya Bunia imepata tarehe ya karibu: Jumanne ya wiki ijayo, tarehe 12.

Siku moja kabla ya gari la Abdoul.

Jumanne, 12 Novemba

Nimeamka kabla ya jogoo. Nimevaa kitenge cha harusi ya dada yangu. Yannick ameomba ruhusa shuleni, na Abdoul amekuja pia, kofia yake nyeupe imefuliwa. Tumekaa kwenye benchi la ukumbi. Papa Gaspard ameingia na avoka wake na mama Angèle. Ametusalimia wote, mmoja mmoja, hata Abdoul.

Hakimu ni muzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Amesoma dosie bila haraka, kisha amemwangalia Papa Gaspard.

"Hii kazi ilifanyika?"

"Ilifanyika, muheshimiwa."

"Paa linavuja?"

"Lilivuja. Alilitengeneza. Sasa iko kavu."

"Hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi unapinga nini?"

Avoka wake alifungua kinywa. Papa Gaspard alimgusa mkono, naye akakifunga. Niliona jasho likimtoka chini ya lile koti. Mama Angèle alikuwa akiangalia sakafu. Papa Gaspard alisema, na alisema akiniangalia mimi, hakumwangalia hakimu.

"Mi sipingi. Mi sina feza. Mwezi wa tano nilipeleka mali Mongbwalu, muchele, mafuta, mapiki na beleshi, ya dola elfu saba. Mununuzi wa dhahabu, rafiki. Alisema atanilipa baada ya wiki. Iko nasema vile vile mpaka leo. Nilifikiri atanilipa na mi nikulipe, hakuna mutu atajua. Kila siku nilikuwa nangoja. Niliona haya."

Nje mtu alikuwa akipiga chapa mashini, ta, ta, ta.

Nilikuwa nimemchukia mtu huyu miezi miwili. Nilikuwa nimemwita nyoka kwa lugha tatu. Na pale mbele yangu alikuwa amesimama mtu anayedai kama mimi ninavyodai, tena ameambiwa maneno yaleyale.

Hakimu amesafisha miwani. "Haya ni mambo ya kusikitisha, lakini huyu mama hakuuza muchele Mongbwalu. Tokeni nje. Rudini na tarehe."

Tukatoka. Pale ukumbini tukabishana kama sokoni. Yeye alianza na mwezi wa tatu mwakani. Mimi nilianza na leo, yote. Maître Prudence na yule avoka mwingine walitusogelea, kisha wakaona hatuwahitaji, wakaenda kununua ndizi. Katikati ya maneno Papa Gaspard alitikisa kichwa.

"Mama Ushindi, mi nilikuwa naona weye unapita na ile moto ya Michée. Najificha nyuma ya magunia ya sukari."

"Na tumbo yote ile?"

"Nilikuwa napanga magunia ine, moja juu ya ingine."

Abdoul ndiye alicheka kwanza, akaziba mdomo kwa kofia. Mama Angèle akafuata. Mimi nilijaribu kukaa na uso wa kudai, nikashindwa.

Tumekubaliana hivi: elfu moja na mia tano kesho asubuhi, kutoka pesa ya nyumba ya wageni aliyokuwa akiiweka mama Angèle, elfu moja na mia tatu tarehe 30 Novemba, elfu moja na mia tatu tarehe 20 Desemba. Gharama za tribinali juu yake. Mimi nimeacha riba. Hakimu ameandika, sote tumeweka sahihi. Maître amenieleza tukitoka kwamba karatasi hiyo ina nguvu kama hukumu: akikosa tarehe moja, wisie anakwenda kukamata mali bila kesi mpya. Papa Gaspard alisikia. Alisema hatakosa, na mara hii hakutaja wiki.

Jumatano, 13 Novemba

Saa mbili mama Angèle amefika mwenyewe na bahasha. Elfu moja na mia tano, noti zote nzima. Saa tatu nilikuwa nimewalipa mafundi wanne kila kilichobaki. Abdoul amehesabu, amehesabu tena, akatoa simu.

"Mjomba, ile nafasi ya gari mpe mutu mwingine," amesema. "Hapana, siumwi. Nimelipwa."

Ushindi amekwenda shuleni na risiti yake ameishika kama bendera.

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua. Mama Émilienne anataka na bafu iwekwe vigae. Kontra tayari.

Jumamosi, 30 Novemba

Elfu moja na mia tatu. Papa Gaspard ameleta mwenyewe, saa kumi na moja, akiwa amenyeshewa. Ilikuwa siku ya mwisho na alijua. Tumempa chai na taulo.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua zinapungua. Mchana huu Papa Gaspard na mama Angèle wamekuja nyumbani. Nilifikiri wameleta malipo ya mwisho mapema, lakini alichobeba ni mfuko wa plastiki. Amemwaga vilivyomo juu ya meza yetu: vikaratasi vya kupokelea mizigo, vyenye sahihi ya yule mnunuzi wa Mongbwalu, vichache vimeliwa na unyevu, na simu yenye ujumbe wa miezi saba.

"Mama Ushindi, weye unajua hii njia," amesema. "Karatasi gani inatangulia?"

Nimepanga vile vikaratasi kwa tarehe, kama nilivyoona Maître Prudence akipanga. Nimemwambia asifute ujumbe hata mmoja. Nimemwambia Jumatatu twende wote kwa Maître, lakini barua ya kwanza tunaweza kuiandaa hapa, aione tu na kuirekebisha. Yannick ameleta kalamu. Nimemwambia aache heshima kubwa na habari za familia, aende moja kwa moja. Ameumia kidogo, lakini ameandika mistari kumi mizuri.

Papa Gaspard amesoma kwa sauti, kidole chini ya maneno, miwani puani.

"Hapa tumupe siku ngapi?" Yannick ameuliza. "Mongbwalu ni mbali. Kumi na tano?"

"Hapana," amesema Papa Gaspard. "Andika nane. Nane inatosha. Ile ya Mama Ushindi, mi nilianza kukosa usingizi siku ya pili."